Kuzomea na kukataa: kazi yake ni nini, na haki yake iko wapi?



Katika komini ya Katuba, hapa Lubumbashi, tulialikwa siku moja kwenye mkutano wa mtaa. Watu kama sitini walikuwa wamekusanyika kuzungumza juu ya bomba la maji ambalo kartie nzima inalitumia. Kamati ilitaka kila nyumba iongeze mchango. Papa mmoja, fundi wa viatu, alisimama akauliza kama, kabla ya kuongeza, watu wangeweza kuonyeshwa daftari la michango ya mwaka uliopita. Hakumaliza. Sauti moja kutoka nyuma ilisema "Ikala!", ya pili ikafuata, na mara ukumbi mzima ukawa unapiga makelele: "Ikala! Ikala chini!" Kijana mmoja akaongeza: "Huyu si wa hapa." Papa akaketi. Mchango ukapitishwa kwa makofi. Sisi tulikuwa wageni, hatukusema neno, na kimya chetu hakitupi raha.

Katika mafunzo yetu tunawahimiza watu kila siku kusema. Tunawaambia: toeni maoni, msiogope, kila mtu ana haki ya kusikilizwa. Lakini mara chache sana tunafundisha namna ya kukataa. Na kikundi chochote kinachowaruhusu watu wake kusema lazima kiwe na njia ya kujibu "hapana". Makala hii inahusu hiyo hapana ya wengi kwa mmoja: inafaa nini, na ni wakati gani inageuka kuwa dhuluma.

Kwa nini watu huzomea

Tusianze kwa kulaumu. Mkutano una saa zake. Mama aliyeacha meza yake sokoni Kenya ili aje kusikiliza habari za maji hana nafasi ya kumsikiliza mtu mmoja akieleza kwa nusu saa ugomvi wake na jirani juu ya ukuta. Watu wakinung'unika, msemaji anaelewa, anafupisha. Hakuna aliyeumia, na mkutano umeokoka. Vilevile mtu akileta uvumi wa hatari, kwamba kabila fulani limeficha silaha au kwamba dawa fulani imetiwa sumu, ni heri asikie hapana papo hapo kuliko uvumi huo kutoka nje ya mlango na kuingia mitaani.

Tena hapana ndiyo silaha ya mtu mdogo. Hana kipaza sauti, hakukaa kwenye meza ya wakubwa, hajui kutoa hotuba. Anachoweza ni kuunganisha sauti yake na za wenzake. Nchi yetu imeonja maisha bila haki hiyo. Mwaka 1970, katika uchaguzi wa rais ambao mgombea alikuwa Mobutu peke yake, zilihesabiwa kura za ndiyo zaidi ya milioni 10, na za hapana 157 tu. Nchi nzima, hapana 157! Wazee wetu wanakumbuka pia miaka ambayo watu walilazimishwa kuimba na kucheza mbele ya viongozi wa chama kimoja. Makofi yalikuwa mengi kupita kiasi, lakini hayakumwambia kiongozi chochote juu ya bei ya unga au mshahara wa mwalimu. Penye makofi matupu hata makofi hupoteza maana.

Baada ya chama kimoja kuondolewa, mwaka 1990, watu walianza kusimama kando ya wauza magazeti, kusoma vichwa vya habari bila kununua, na kujadiliana kwa sauti. Wakaitwa wabunge wa kusimama. Hawana spika wala kanuni. Anayesema jambo la maana anasogelewa. Anayesema upuuzi anachekwa, anaondoka, na kesho yake anarudi. Tunaona katika desturi hiyo jambo zuri ambalo wengi hawalitazami: aliyechekwa anarudi. Maneno yake ya jana yamekataliwa, yeye mwenyewe hajakataliwa, na kesho anaweza kusogelewa kuliko wote.

Anayehesabu hapana

Ugumu unaanza tunapojiuliza kama kelele zile ni sauti ya watu kweli. Pale Katuba sauti ya kwanza ilitoka kwa mtu mmoja. Ya pili ilitoka kwa rafiki yake aliyekaa karibu. Waliofuata, tunavyoamini, wengi hawakuwa hata wamesikia swali. Walisikia "Ikala" wakadhani papa amesema jambo baya. Tulipowauliza baadhi yao wakati wa kutoka, mama mmoja alitujibu: "Niliona wote wanakataa, nami nikakataa." Kwa hiyo hapana sitini zilikuwa labda hapana mbili, na nyingine zote zilikuwa mwangwi.

Mambo haya ni ya zamani. Katika mji wa Athens huko Ugiriki, karne ya 5 kabla ya Kristo, raia walikuwa na desturi ya kumwondoa mtu mjini kwa kura. Kila raia aliandika jina kwenye kipande cha chungu kilichovunjika. Ilihitajika vigae visivyopungua 6,000 ili kura hiyo iwe na nguvu, na aliyeshindwa aliondoka kwa miaka kumi. Mali yake haikuguswa, na baada ya miaka hiyo alirudi akiwa raia kamili. Kwa upande mmoja tunaona busara: idadi kubwa, muda wenye mwisho, njia ya kurudi. Lakini wachimbaji wa mambo ya kale walikuta kisimani karibu vigae 190 vyenye jina moja, la kiongozi aitwaye Themistocles, na walipochunguza maandishi wakaona ni ya mikono 14 tu. Maana yake kuna watu walikaa wakaandika vigae mapema, tayari kuwagawia wengine. Hata Ugiriki ya kale, basi, kulikuwa na hapana zilizotengenezwa nyumbani na kuletwa kwenye kikapu.

Nani hapa mjini hajawahi kuona vijana wanaopewa nauli na bia ili wakazomee mkutano wa mwingine? Wanalipwa kidogo, wanapiga kelele nyingi, na mtu anayepita barabarani anadhani mji mzima umekasirika.

Neno la mtu na asili ya mtu

Turudi kwa yule kijana aliyesema "Huyu si wa hapa." Hilo ndilo lililotutia hofu kuliko kelele zote. Neno "Ikala" linakataa kile papa alichokuwa anasema, hata kama linakikataa kwa adabu mbaya. "Si wa hapa" haligusi swali lake kabisa. Linamwondoa yeye, na pamoja naye kila mtu anayefanana naye. Na Lubumbashi inajua njia hiyo inafika wapi.

Mwezi wa Mei 1990, siku chache baada ya Mobutu kutangaza tarehe 24 Aprili mwisho wa chama kimoja, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi waliwakamata wenzao walioshukiwa kuwa wapelelezi wa serikali na kuwapiga. Upelelezi ulikuwako kweli. Kwa miaka mingi mtu aliweza kuharibiwa maisha kwa neno lililonong'onwa mahali asipolisikia, na hasira ya wanafunzi ilikuwa na sababu. Lakini washukiwa wengi walihesabiwa kuwa watu wa Equateur, jimbo la rais, na katika fujo kama ile nani alikuwa na subira ya kutenganisha mpelelezi na kijana aliyezaliwa tu upande ule? Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei askari waliingia chuoni wakawashambulia wanafunzi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo.

Miaka miwili baadaye ukaja msiba mkubwa zaidi. Mkutano Mkuu wa Taifa, uliofunguliwa Kinshasa mwezi wa Agosti 1991, ulikuwa mahali ambapo Wakongo walijifunza upya kusema na kukataa hadharani. Nguz a Karl-i-Bond, mwana wa Katanga na mkubwa wa chama cha UFERI, alikuwa katika upinzani. Lakini mwezi wa Novemba mwaka huo alikubali kuwa waziri mkuu wa Mobutu, na wapinzani wenzake wakamhesabu kuwa msaliti. Mwezi wa Januari 1992 aliusimamisha Mkutano, na hasira ikaongezeka. Tarehe 15 Agosti 1992 Mkutano ulimchagua Étienne Tshisekedi, mwana wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pake.

Huko Kinshasa kura ile ilikuwa hapana kwa siasa ya mtu mmoja. Lakini hapa kwetu wengi waliisikia kama hapana kwa Katanga nzima, na shangwe za wengine zikasikika kama matusi. Gavana wa wakati ule, Gabriel Kyungu wa Kumwanza, aliwaita watu wa asili ya Kasai "bilulu", yaani wadudu. Vijana wa chama, waliojulikana kama JUFERI, wakaanza kuwafukuza. Lubumbashi iliona ghasia mwezi huohuo. Likasi ikafuata kuanzia Septemba, na Kolwezi mwaka 1993. Mamia ya maelfu ya watu waliondolewa katika nyumba zao. Wakalala kwenye stesheni za treni na katika shule, wakisubiri mabehewa ya kuwapeleka Kasai, mahali ambapo wengi wao hawakuwahi kukanyaga, kwa maana walizaliwa hapahapa. Wengine walikufa stesheni, wengine njiani, watoto kwanza.

Hatusemi kwamba manung'uniko yote ya Wakatanga yalikuwa uongo. Tangu uchaguzi wa makomini wa Desemba 1957, ambao mabugumesta Waafrika waliochaguliwa mjini hapa walikuwa wote watu wa kutoka nje ya Katanga, wenyeji wengi walikuwa wakijiona wageni kwao. Na miaka ile ya 1990 kazi zilikuwa zinakwisha: Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, ilishuka mwaka 1993 hadi karibu tani 50,000. Mtu angeweza kuuliza kwa haki: nani anaajiriwa, kwa kanuni gani, na nani anaamua? Hayo ni maswali yanayoweza kujibiwa. Lakini mdudu haulizwi swali. Neno "bilulu" lilifunga mlango wa majibu yote.

(Wakubwa, kwa upande wao, walipatana. Mwaka 2016 Kyungu alikuwa upande mmoja na Tshisekedi katika muungano wa upinzani, na mpaka kufa kwake mwezi wa Agosti 2021 aliheshimiwa na wengi kama mzee wa siasa. Walioacha nyumba zao Likasi hawakuitwa kwenye mapatano hayo.)

Hapana yenye kanuni

Watu hutuuliza katika mafunzo: basi tusizomee kabisa? Tunawajibu kwa mfano unaowashangaza, maana unatoka bungeni, mahali ambapo hatukuzoea kwenda kutafuta adabu.

Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 146, inaeleza namna wabunge wanavyoweza kuiangusha serikali au waziri mmoja. Ili kuishitaki serikali nzima ni lazima robo ya wabunge watie sahihi. Kwa waziri mmoja yatosha sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo anayeanza hapana anaonekana jina lake. Baada ya kuwekwa mezani, mashitaka hayajadiliwi wala kupigiwa kura mpaka zipite saa 48. Zinahesabiwa kura za wanaokubali kuangusha peke yake, na ni lazima zipite nusu ya wabunge wote wa bunge, si ya wale waliokuja siku hiyo. Asiyekuja, au aliyenyamaza, hawezi kugeuzwa kuwa adui wa mtu. Na mashitaka yakikataliwa, waliotia sahihi hawana ruhusa ya kuleta mengine katika kikao hichohicho.

Tazama kila kanuni inazuia nini. Sahihi zinazuia ile sauti ya nyuma isiyojulikana. Saa 48 zinaupoza moto na kumpa mshitakiwa usiku mbili za kutayarisha majibu. Ile nusu ya wote inazuia mchezo wa kungoja siku ambayo wengine hawako. Ile ruhusa inayokatazwa inawazuia watu kumchosha mtu kwa kumshitaki kila Jumatatu.

Tarehe 27 Januari 2021, wabunge 367 kati ya 500 walimwangusha kwa njia hiyo waziri mkuu Sylvestre Ilunga Ilunkamba, mwana wa Katanga naye. Yeye alipinga kwamba ofisi ya bunge iliyokuwako wakati ule, ambayo ilikuwa ya muda tu, ilikuwa na mamlaka ya kuendesha kikao kama hicho, na hakufika. Wanasheria wanaweza kuendelea kubishana. Kwa majimbo pia kanuni hizo zinatumika, na mara kadhaa Mahakama ya Katiba imefuta uamuzi wa kumwondoa gavana kwa sababu hakupewa nafasi ya kujitetea. Hatuwasifu wabunge wetu kupita kiasi, maana sote tumesikia habari za kura zinazonunuliwa. Kanuni nzuri haimzuii mwenye pesa. Lakini bila kanuni hata maskini mwenye haki hana mahali pa kushika.

Uso wazi au uso uliofichwa?

Kuna swali moja ambalo sisi wenyewe hatukubaliani, na tumelijadili ofisini mpaka chai ikapoa. Anayekataa aonekane, au afichwe?

Wengine wetu wanasema: aonekane. Anayemnyooshea mwenzake kidole awe na ujasiri wa kusimama. Wanakumbuka wapelelezi wa zamani na barua zisizo na sahihi. Wengine wanajibu kwamba mama mjane anayekodi chumba kwa mwenyekiti wa kamati hawezi kunyoosha mkono kumkataa mwenyekiti huyo. Ukimlazimisha aonekane, umemnyima hapana yake. Sisi tunaelekea kutenganisha mambo mawili. Anayetoa sababu aonekane, kwa sababu sababu inahitaji kujibiwa na mtu. Anayepiga kura tu afichwe, kwa sababu yeye hamshitaki mtu, anaamua.

Kwa kura ya siri haihitajiki karatasi wala kujua kuandika. Tumetumia chungu kimoja nyuma ya pazia, punje za maharagwe kwa ndiyo na za mahindi kwa hapana. Kila mtu anapewa moja ya kila aina. Moja anaitumbukiza chunguni, nyingine anarudi nayo mfukoni bila kuonyesha mtu.

Tulirudi Katuba baada ya wiki chache tukaomba kuzungumza na kamati. Mama mkubwa wa kamati alitupokea vizuri, lakini alikuwa na uchungu. Akatuambia kwamba tangu siku ile watu wanamtazama vibaya. Waliomzomea papa ndio haohao sasa walikuwa wananong'ona: kama hakuna kitu, kwa nini daftari halikuonyeshwa? Na daftari lilikuwako. Alilitoa kabatini akatufungulia: tarehe, majina, mafuta ya mashine, fundi aliyebadilisha pampu, yote yameandikwa kwa mkono wake. Hakuwa na la kuficha. Zile kelele, ambazo hakuziagiza, zilikuwa zimemfichia unyofu wake.

Kwa papa tulikwenda mara mbili. Mara ya kwanza alituambia: "Miye si wa hapa, nitakuja kufanya nini?" Mara ya pili alisema kidogo zaidi. Alizaliwa Likasi. Mwaka 1992 alikuwa mtoto, na aliishi stesheni pamoja na mama yake wakingoja treni. Alirudi Katanga alipokuwa mtu mzima, kwa sababu kule walikopelekwa pia waliambiwa kwamba si wa pale. Hakutueleza zaidi, nasi hatukumwuliza.

Kabla ya mkutano uliofuata, mama mkubwa wa kamati alisimama akasema kwamba kuanzia siku hiyo anayetaka kumkatiza mwenzake atangulie kusema sababu yake, na kwamba maneno juu ya mahali mtu alikotoka hayatapokelewa kama sababu. Yule kijana alikuwako. Aliangalia chini. Daftari likasomwa kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, ikachukua karibu saa nzima, na kusema kweli wengine walisinzia.

Kisha papa akaomba neno. Alisema daftari limemridhisha, lakini mchango ulioongezwa ni mkubwa mno kwa nyumba zenye wajane, na akapendekeza upunguzwe. Watu wawili walisimama kumpinga, wakaeleza bei ya pampu mpya. Naye akajibu. Chungu kikazungushwa. Mahindi yalikuwa mengi kuliko maharagwe: pendekezo lake likakataliwa.

Papa akaomba punje zihesabiwe tena. Mama mkubwa akazimwaga mezani, akamwita yeye mwenyewe aje kuzihesabu.